Mafya, Seredani na Mtungi

Nilipokuwa mtoto Jambiani, Zanzibar, hakuna aliyemuuzia jirani yake kuni. Mama zetu walitoka alfajiri kuelekea maweni, nyuma ya kijiji, kila mmoja na panga lake na kamba ya usumba, wakarudi jua limeshapanda na matita kichwani. Waliokota matawi makavu ya mkwamba na mdaa. Mti mbichi waliuacha, na si kwa kuogopa bwana misitu: kuni mbichi ni nzito kubeba na moshi wake hautoi mtu jikoni ila analia. Makumbi ambayo hayakufukiwa pwani kwa ajili ya kamba yaliishia mekoni, pamoja na vifuu na makuti yaliyooza juu ya paa.

Mwaka 1989 ukaja mwani. Kilimo chake kilianza Paje na Jambiani, na kabla hatujajua kikapanga upya siku ya mwanamke. Maji ya bamvua yakitoka, yuko pwani. Yakijaa, anaanika mwani uani. Saa za kwenda maweni zikapotea, lakini mkononi mwake mkawa na fedha yake mwenyewe, haikupitia kwa mume. Akaanza kununua kuni. Vijana wa kiume, ambao zamani ungewacheka ungewaona na tita, wakaingia msituni na baiskeli na magari ya ng'ombe. Hapo ndipo mti mbichi ulipoanza kukatwa, maana mwenye kuuza hachagui kikavu kama mwenye kubeba kwa kichwa. Hata vijiti vya kufungia kamba za mwani vilitoka vichakani humohumo.

Sisemi mwani ulikuwa balaa. Nilisoma kwa fedha zake.

Watafiti walizidi tangu mwaka 2010, wakati wa mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioendeshwa na shirika la CARE pamoja na Idara ya Misitu kwa fedha za Norway. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilikuwa imeshafungua njia ya wanakijiji kuingia mikataba na Serikali na kusimamia misitu yao, kwa hiyo kamati zikaundwa, mipaka ikatembelewa, na tukaanza kusikia habari za hewa ukaa, kitu kisichoonekana ambacho kumbe kina mnunuzi Ulaya. Wageni wengine walikuja kwa shughuli zao wenyewe, na mmoja wao nilimfanyia ukalimani nyumba kwa nyumba.

Dodoso lake lilitaka jibu moja: nishati kuu ya kupikia ni ipi? Mama mmoja wa makamo, mikono bado ina chumvi ya pwani, alinitazama mimi badala ya mgeni.

"Mwanangu, unaniuliza chai ya asubuhi au wali wa mchana?"

Kisanduku cha jibu hilo hakikuwepo. Mama yule alikuwa na mafya uani kwa sufuria kubwa na maharage, seredani ya makaa kwa wali wa nazi na mkate wa kumimina, ambao bila moto wa juu na wa chini hauivi, na jiko la mafuta ya taa kwa usiku wa mvua. Wengine walijibu walichoona kitampendeza mgeni. Nyumba yenye mtungi wa gesi ilitajwa kuwa nyumba ya gesi, na mafya yaliyo nyuma ya ukuta hayakuandikwa.

Siku hizi mitungi imejaa madukani. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, na Rais Samia, ambaye ni mtoto wa Kizimkazi, jirani zetu wa Kusini, amelifanya jambo hili kuwa lake. Naliunga mkono, macho ya bibi yangu yaliharibiwa na moshi. Lakini mtungi mdogo hukata katikati ya mwezi, na seredani haidai fedha yote kwa mkupuo. Jiko la umeme nalo lina historia: kisiwa kilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, na waliokuwa na kuni uani ndio waliokula moto. Mwenye akili hategemei moto mmoja.

Linaloniudhi ni kuona msitu ukipungua, kisha kidole kikaelekezwa kwenye chungu cha mwanamke. Zanzibar ilihesabiwa watu 1,303,569 mwaka 2012, na 1,889,773 mwaka 2022. Watu hao wanajenga. Tanuu moja la chokaa huteketeza mlima wa magogo, tena mabichi, na makaa ya maweni husafiri usiku kwenda Mjini. Bibi mwenye tita la vikavu hayumo katika biashara hiyo.

Kwa hiyo nakuomba, wewe utakayekuja tena na karatasi zako: ingia jikoni wakati wa kupika, uulize sufuria kwa sufuria. Ukimaliza, nenda kwa wenye matanuu na kwenye majiko ya hoteli, uwaulize vilevile, na majibu yao uyaandike mwanzo wa ripoti.