Nafuta Ile Mesej Yangu Kuhusu Joto la Juba



Wengi mnakumbuka Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilipoamuru shule zote zifungwe kuanzia tarehe 18 kwa sababu ya joto. Walisema linaweza kufika nyuzi 45, na shule itakayokutwa wazi itanyang'anywa usajili. Mimi nilikuwa tayari nafundisha hapa Juba. Nikawaandikia kwenye grupu: "Huku watu ni laini. Kwa joto hili Kakuma tungefunga shule mwaka mzima." Mkacheka, na mimi nikacheka. Leo naifuta ile mesej, na nataka kuwaeleza kwa nini.

Si mnajua nilikolelewa. Kakuma, foleni ya jerikeni alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno, laga kavu. Darasa la mabati ndilo lililonifundisha kusoma. Kule tulizoea kwamba anayelalamika ni mdhaifu na anayenyamaza ndiye mwenye nguvu. Niliporudi kwenye nchi ya wazazi wangu nilikuja na hiyo akili, na nikaingia nayo darasani kama mwalimu.

Kwa ambao hawajafika Juba, hali ya hewa yetu iko hivi. Mvua huanza kushika Aprili na kuendelea mpaka karibu Novemba. Halafu inakuja kiangazi, na miezi yake mibaya ni Februari na Machi. Hakuna wingu, jua linakaribia utosini kabisa, upepo kutoka kaskazini ni mkavu na una vumbi. Usiku unagusa ukuta na bado una moto. Mto Nile Mweupe unapita hapa mjini, lakini mitaa mingi maji yanaletwa na lori la tanki, unajaziwa pipa na unalipa. Umeme haufiki kila nyumba, kwa hiyo feni ni ya mwenye sola au jenereta.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Februari 2025, shule zimefunguliwa juzi tu. Darasa letu ni mabati juu na mabati pembeni. Wanafunzi wa darasa la sita, 74, wanne kwenye benchi moja. Saa saba mchana. Msichana mmoja akainua mkono.

"Ustaza, naomba kwenda kunywa maji."

Mnajua mtoto mmoja akitoka, kumi wanataka kumfuata. Nikamjibu, "Kaa chini. Joto ni la kila mtu."

Akakaa. Baada ya muda akainua mkono tena, nikajifanya sijamwona, nikaendelea kuandika sehemu ubaoni. Kilichonigeuza ni sauti ya benchi. Alikuwa ameanguka chini, macho nusu wazi.

Tulimbeba mpaka chini ya mwarobaini ulio karibu na geti. Kuna mama anauza chai pale, na yeye ndiye aliyejua la kufanya. Alimfungua vifungo vya shingoni, akavua mtandio wake na kuulowesha kwenye maji ya kuoshea vikombe, akamkanda nao shingoni na kwapani, kisha akanyakua daftari na kuanza kumpepea. Mimi mwalimu nilileta kikombe cha maji nikataka kumtia mdomoni. Yule mama akanishika mkono. "Bado. Akifungua macho kwanza, yasije yakamwingia kwenye pafu."

Alifungua macho baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kliniki walisema mwili ulikuwa umepungukiwa maji. Akapona. Lakini usiku ule sikulala, na haikuwa joto.

Wiki hiyohiyo, tarehe 20 Februari, serikali ikafunga tena shule kwa wiki mbili. Naibu waziri wa elimu alisema kwamba hapa Juba wanafunzi 12 kwa wastani walikuwa wanazimia kila siku. Wengine walisikia hesabu tu. Mimi nilijua kwamba mmoja nilimwangusha mimi.

Siku chache baadaye nikaenda kwao kumwona. Nilimkuta mama yake akipanga mboga za kupeleka Konyo Konyo. Tulisalimiana kwa Kiarabu cha Juba, nikamwambia asiwe na wasiwasi, shule zimefungwa, serikali imesema watu wakae ndani na wanywe maji, mtoto atapumzika. Akaniangalia.

"Ustaza, ndani ni hapa. Ingia basi."

Niliingia. Chumba kimoja cha mabati, dirisha dogo, watu sita wanalala mle. Sijui kama nilimaliza dakika tatu. Nikatoka nimelowa mgongo mzima. Mama hakusema kitu, aliendelea na mboga zake.

Mgonjwa mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameenda kuteka maji. Alirudi saa sita na nusu, jua liko juu kabisa, jerikeni ya lita 20 kichwani na mdogo wake mgongoni. Kumbe shule ikifungwa, kwa msichana si mapumziko. Mama yuko sokoni, kwa hiyo maji ni yake, kuni ni zake, watoto ni wake, na jiko la mkaa ni lake. Baadaye niliona wanasayansi wa World Weather Attribution, waliochunguza joto la mwezi ule, wameandika jambo hilohilo: kwamba wanawake na wasichana wa Sudan Kusini ndio wanaokutana zaidi na joto la hatari kwa sababu ya kazi wanazobebeshwa. Mimi sikuhitaji ripoti, nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Hakujibu. Alitua jerikeni, akamimina maji kwenye kikombe, akanipa mimi kwanza. Kumeza yale maji ilikuwa kazi.

Siku ile ndiyo nilipomuuliza kitu ambacho nilipaswa kuuliza tangu mwanzo: kwa nini asubuhi hakunywa maji ya kutosha? Aliangalia chini, kisha akasema kwamba wasichana hawanywi maji wakija shule. Choo chetu hakina mlango. Yaani wanafunga midomo toka nyumbani mpaka saa nane, kwenye joto lile, ili wasilazimike kwenda. Na mimi nikikaa kwa mezani najiuliza kwa nini wanasinzia.

Kwa hiyo hivi ndivyo tulivyofanya shule zilipofunguliwa. Hakuna mradi uliotulipia.

Choo kilitangulia. Wazazi walileta mbao na bati kuukuu, mlango ukawekwa kwa siku moja. Pesa ilikuwa ndogo kuliko aibu yangu.

Pili, tulinunua mitungi miwili ya udongo, hapa tunaiita zir. Maji yanapenya kidogokidogo kwenye udongo, yakikauka nje yanachukua joto, na yaliyo ndani yanapoa. Hewa ikiwa kavu kama ya Februari, mtungi unafanya kazi vizuri zaidi, mradi uwe kivulini. Na sheria ni moja: hakuna anayeomba ruhusa ya kunywa maji.

Tatu, tuliomba mkuu wa shule tuanze mapema, saa moja kasoro robo. Hesabu na sayansi zinakwisha kabla ya saa nne. Baada ya hapo tunahamia chini ya mwarobaini kusoma kwa sauti, na saa sita watoto wanaenda nyumbani. Juu ya mabati tuliweka nyasi. Ndani bado ni moto, lakini si tanuri tena.

Nne, kila mwalimu alijifunza dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, jasho jingi, kizunguzungu: mpeleke kivulini, mpe maji kidogokidogo, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Lakini akianza kuongea ovyo, akizimia, au ngozi ikiwa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mloweshe, mpepee, kanda shingoni na kwapani kwa kitambaa chenye maji, usimnyweshe kama hana fahamu, na mkimbize hospitali huku mnaendelea kumpoza.

Siwaambii kwamba tumeshinda. Shule zilipofunguliwa, wasichana watatu wa darasa langu hawakuonekana wiki ya kwanza. Wawili walirudi. Mmoja hajarudi, na nilipoenda kwao niliambiwa ameenda kwa shangazi yake kijijini. Wiki mbili tu zilitosha. Ndiyo maana naungana na walimu wanaosema kalenda ibadilishwe, tupumzike Februari na Machi kwa mpango, tufungue Aprili na mvua, badala ya kufunga ghafla kila mwaka watoto wakishaanguka.

Kwenu mnaofanya kazi kwenye mashirika, nasema kwa heshima: mabango ya "Kunywa maji mengi" tumeyaona. Pipa la maji linanunuliwa kwa pesa ileile ya unga. Mkija shuleni kwetu, kabla ya kutundika bango, ulizeni maji yanatoka wapi, nani anayabeba na saa ngapi, na choo kina mlango au hakina. Miti pia ni msaada. Ule mwarobaini wetu umefanya kazi kuliko karatasi zote.

Na nyinyi wenzangu mliolelewa kama mimi: tulivumilia joto, ni kweli. Lakini mkikaa vizuri mtakumbuka kuna waliokuwa wanaanguka kwenye foleni ya maji hata sisi, tukasema ni njaa, tukasema ni malaria, tukasonga mbele. Hatukuwa na nguvu kuliko wengine. Hakuna aliyekuwa anahesabu.

Mnaofundisha Kakuma, Bidibidi, Nyarugusu, andikeni hapa chini mnafanya nini madarasani saa saba mchana. Tuibiane mbinu. Na mwanafunzi akiinua mkono kuomba maji, muache aende.