Daftari na Pori

Hesabu ni mizani ya haki. Baba asiyejua idadi ya watoto wake hawezi kuwagawia chakula sawasawa. Na taifa lisilojua idadi ya wagonjwa wake haliwezi kuwapelekea dawa kwa kadiri. Tanzania inayo mizani hiyo. Daftari za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, hujazwa katika kila zahanati, na jumla zake hupelekwa wilayani kila mwezi. Mpango huu ni mwema, lakini una upofu mmoja: daftari humwona aliyefika mlangoni tu. Aliyefia njiani, akazikwa porini, si mgonjwa wala marehemu katika karatasi.

Upofu huo hudhihirika Singida. Mwaka 2022 mkoa ulihesabiwa ukaonekana kuwa na watu 2,008,058. Ndani ya umati huo wamo Wahadzabe wa wilaya ya Mkalama, katika kijiji cha Munguli na mapori ya jirani, upande wa ziwa Eyasi. Wahadzabe wote, pamoja na wa Manyara na Arusha, hukadiriwa kuwa elfu moja na mamia machache. Mamia katika milioni ni chembe ya chumvi kisimani. Wastani wa mkoa waweza kupendeza, na huku kambi moja inazika watoto wake kimya. Baadhi yao wametulia kijijini. Wengine hufuata asali, mizizi, matunda na wanyama, na kambi ya mwezi huu yaweza kuwa majivu mwezi ujao.

Si kwamba hawakupata kupimwa. Wataalamu wa nchi za mbali wamewapima kimo, uzito, usingizi, hata vijidudu vya matumboni, vilivyoelezwa katika jarida la sayansi mwaka 2014. Hesabu zilizofanywa mashariki ya ziwa katika miaka ya 1980 na 1990 zilionyesha kuwa karibu mtoto 1 katika 5 alikufa kabla ya kutimiza mwaka, na karibu nusu hawakufika miaka 15. Habari nzito namna hii zilichapwa katika vitabu ambavyo mama wa kambini hawezi kuvisoma. Vipimo vilikuwapo, kilichopungua ni marejeo.

Rufiji na Morogoro Vijijini zilionyesha njia tangu mwaka 1997. Huko vifo viliulizwa nyumbani, havikungojwa zahanati. Fedha za wilaya zikaelekezwa kwenye maradhi yaliyoua zaidi, hasa malaria na maradhi ya watoto, na katika miaka michache vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hesabu ilirudi kwa wenyewe ikiwa dawa.

Basi daftari na liondoke mezani lifuate kambi. Mwandishi wake bora ni Mhadzabe mwenyewe, ajuaye lugha ile yenye vidoko, misimu ya asali, na adabu ya kumwuliza mama habari za mtoto aliyemzika. Jumla isomwe kambini kabla ya kusomwa wilayani. Mtu aliyehesabiwa asipate kitu ameibiwa habari zake; aliyehesabiwa akaletewa chanjo na mkunga amehesabiwa kuwa mtu.