Uzi Mweupe

Mwezi wa Disemba una tabia zake kisiwani Unguja. Vuli huwa inamalizia manyunyu yake ya mwisho, kaskazi huanza kujitambulisha nyakati za alasiri, na maembe hujaa Darajani mpaka nzi wakashindwa waanzie wapi. Kwa Wakristo wa kisiwani, ambao ni wachache miongoni mwa Waislamu walio wengi, huo pia ndio mwezi wa kugombana na mafundi wa cherehani. Ugomvi wenyewe ni wa kale, na Waislamu nao wanaujua vyema, kwani huwa nao kila inapokaribia Idi. Nguo iliyoahidiwa Jumatatu hutoka Ijumaa, nayo hutoka haina vifungo. Mtu hupandisha sauti, fundi huapa, na mwisho wake nguo huvaliwa.

Disemba ya mwaka 2009, hata hivyo, iliwazidi wote, wateja na mafundi. Siku ya Alkhamisi, tarehe 10, umeme ulikatika Unguja nzima. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Kukatika umeme halikuwa jambo geni, na watu walisema utarudi magharibi. Magharibi ikapita, isha ikapita, kisha ikaenea khabari kwamba hitilafu ilikuwa Fumba, pale ambapo waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni unapopanda nchi kavu. Waya huo uliwekwa mwaka 1980 kwa msaada wa Norway, na ndio uliokuwa ukikilisha kisiwa. Mwaka mmoja kabla, kuanzia mwezi wa Mei 2008, watu walikwisha kukaa gizani mwezi mzima au karibu yake, kwa hiyo waliokuwa na kumbukumbu nzuri walikimbilia madukani kununua mishumaa. Wasiokuwa nayo wakaikuta imekwisha. Safari hii giza lilidumu miezi mitatu.

Katika giza hilo kulirudi maneno ambayo watoto wa mjini walikuwa wakiyasikia kwa wazee tu: kandili, koroboi, karabai, chemni. Bibi mmoja alimtuma mjukuu wake dukani kununua utambi, na mtoto akarudi mikono mitupu kwa sababu aliona haya kuuliza kitu asichokijua. Maji nayo yalikuwa yakisukumwa na umeme huo huo, hivyo mifereji ilipokauka yalirudi na maneno ya maji. Dumu, ndoo, kata na mzegazega vilionekana tena katika vichochoro. Nyumba zilizofukia visima vyao zilijuta, na zilizokuwa navyo zikapata marafiki wengi kwa siku moja. Wakaazi wa ghorofa za juu kule Michenzani walihesabu ngazi kama wahesabuo tasbihi, ndoo kichwani.

Mama mmoja wa Kikwajuni, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa akiuza barafu za ukwaju na ubuyu kutoka katika friza lake la ukumbini. Ukoo wake ulianzia Mbweni, ambako misheni ya Kiingereza iliwapa makao watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Yeye mwenyewe hakupenda kuitaja historia hiyo, ila siku ya Krismasi tu, aliposema kwa fakhari kwamba watu wake walikuwa wakisali Mkunazini tangu siku lilipofunguliwa kanisa. Na kweli, kanisa hilo lililojengwa juu ya soko la watumwa liliwekewa jiwe la msingi siku ya Krismasi mwaka 1873, na ibada ya kwanza ikasomwa Krismasi ya mwaka 1877, miaka sita kabla ya Beit al-Ajaib kusimama pale Forodhani na taa zake za umeme. Jumba hilo la taa nalo, kwa ajabu ya mambo, sehemu yake kubwa iliporomoka siku ya Krismasi, mwaka 2020, likaua watu wawili.

Barafu zilikuwa ndizo fedha zake za sikukuu. Siku ya tatu ya giza aligawa kwa majirani zile zilizobaki, zikiwa zimekwisha kuwa sharubati. Akalipangusa friza, akaliweka mchele ndani, maana angalau panya hawakuweza kulifungua. Simu yake aliipeleka kwa mwenye duka la jenereta, akalipia kuichaji, na alipoifuata akapewa ya mtu mwengine. Mkaa ulilowa. Pasi ya umeme ilikaa juu ya kabati kama pambo. Hakuna hata moja katika hayo linaloweza kuitwa msiba. Ndiyo sababu hakuna aliyempa pole.

Jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa kanzu kumi na moja. Mwanzoni mwa mwezi, kabla ya giza, alikuwa amekusanya fedha kwa wazazi wa kwaya ya watoto ya kanisa lao dogo la Ng'ambo, akanunua poplini nyeupe, akampelekea fundi wa Mlandege pamoja na nusu ya ujira. Binti yake wa miaka tisa ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo wa kuingilia usiku wa mkesha. Wazazi wengine walikwisha kuanza kuuliza, kwa upole ule unaokera kuliko matusi, fedha zao zimefikia wapi.

Fundi mwenyewe alikuwa mzee aliyeshona katika kibaraza hicho hicho kwa zaidi ya miaka thelathini. Kanzu za Idi, sare za skuli, magauni ya harusi na kanzu za kwaya, vyote vilipita mikononi mwake. Alikuwa na cherehani mbili. Moja ilikuwa ya mota. Ya pili, ya kukanyaga kwa miguu, ilikuwa ya marehemu mkewe, nayo ilikaa pembeni imefunikwa shuka. Juu ya ile ya mota alitundika globu kubwa, akaiteremsha kwa waya mpaka ikakaribia kumuunguza kofia. Watu walidhani ni mapenzi ya kazi safi. Mjukuu wake wa kike, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye pekee aliyejua kwamba bila ya globu ile babu yake asingeweza kuliona tundu la sindano.

"Shikamoo fundi," alisema yule mama siku ya Jumatatu, tarehe 14.

"Marahaba mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Nimekuja kwa zile kanzu."

"Kesho inshallah. Hali unaiona mwenyewe, umeme hakuna."

"Na hiyo ya kukanyaga?"

"Mkanda wake umekatika."

Ilikuwa kweli umekatika. Siku mbili baadaye mkanda mpya ulipatikana, lakini mafuta ya cherehani yalikuwa hayapo. Yakapatikana mafuta, ikawa bobini moja imepotea. Mwaka wa Kiislamu wa 1431 ukaingia, na fundi akasema ana udhuru. Mama yule alianza kuzihesabu sababu hizo kwa vidole, akizisimulia kwa jirani yake kila jioni kisimani, na kila alipozisimulia hasira yake ilizidi kunoga. Kilichokatika kilikuwa chini ya bahari na ndani ya mitambo ya Fumba, na huko hakuna mtu wa kumsimamia mlangoni na kumwambia maneno. Fundi alikuwa karibu, tena ana kibaraza. Ikamwangukia yeye.

Ukweli ni kwamba alikuwa akishona. Asubuhi, jua likiwa upande wa mlango, aliisogeza cherehani ya mkewe mpaka kwenye kizingiti na kukanyaga kwa miguu iliyokwisha kusahau mwendo wake. Likija wingu la vuli, alisimama. Usiku mjukuu alimshikia tochi. Kabla ya kulala mtoto huyo alitunga uzi katika sindano kumi za mkono, akazichoma kwa safu katika kitambaa, ili babu akiamka alfajiri azikute tayari kwa kupigia pindo. Uzi wa cherehani ulipokatika na mtoto yuko skuli ya Kurani, fundi alikaa na mikono magotini mpaka arudi. Mteja akipita na kumkuta hivyo, husema moyoni: huyo, amekaa!

Tarehe 22 mjukuu alishikwa na homa, akachukuliwa na shangazi yake kwenda Bububu. Zilikuwa zimebaki kanzu tatu. Fundi alihangaika na tundu lile nusu saa, kisha likapita, naye akashona mfululizo mpaka giza lilipomtoa, akiomba uzi usikatike. Haukukatika.

Alkhamisi ya mkesha, adhuhuri, mama alikabidhiwa kanzu zote kumi na moja, zimepigwa pasi ya mkaa na kufungwa katika gazeti. Alilipa nusu iliyobaki bila kusema neno, maana maneno yake yote alikuwa amekwisha kuyatumia kisimani. Alipofika kwake akazikunjua uani, penye mwanga. Nane zilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia. Tatu zilishonwa kwa uzi wa buluu, buluu nyepesi ya sare za skuli. Kola, mikono na pindo zima zilikuwa zimechorwa mstari, na mishono ilikuwa imenyooka kama iliyopigwa rula.

Alizikunja, akajitupia kanga mabegani, akatoka. Njia nzima alipanga atakachosema, na watu waliokutana naye Kisiwandui walimwona midomo ikimcheza.

Fundi alikuwa amekaa kizingitini, ameuinua uso na sindano kuelekea mbinguni. Uzi ulipita kushoto. Akaulamba, akajaribu tena, ukapita kulia. Akaisogeza sindano hadi ikakaribia kumgusa jicho, kisha akainyoosha mbali, urefu wa mkono mzima. Mara ya tano, ya sita, ya saba. Hakuwa na haraka wala hakukasirika. Alifanya kama mtu anayefanya jambo alilolizoea. Mama alisimama kwenye kona ya duka la jirani, hatua zisizofika kumi kutoka pale, na fundi akageuza uso upande ule mara mbili bila kumuona. Kisha akageuka, akarudi Kikwajuni.

Uzi mweupe hakuwa nao, na maduka aliyopitia yalikuwa yamefunga au yanakaribia kufunga. Kanzu mbili aliwavisha watoto wa safu ya nyuma. Ya tatu akamvisha binti yake, aliyelia kidogo, akaambiwa anyamaze. Usiku ule watoto waliingia kanisani na mishumaa mikononi, na katika mwanga wa mishumaa buluu na nyeupe ni rangi moja. Binti alianzisha wimbo juu mno, kama watoto wanavyofanya wakiogopa, ikabidi kwaya nzima imfuate huko huko.

Krismasi yenyewe iliangukia Ijumaa. Kengele zilikwisha kunyamaza muda mrefu ilipoadhiniwa adhuhuri, na baada ya sala sahani zilianza kuzunguka mitaani zimefunikwa kwa kawa, kama desturi ya mji. Mama alipika pilau kwa nyama ya mchinjaji wa Darajani, maana katika mji huu Mkristo naye hununua kwa mchinjaji wa Kiislamu na jirani hula bila ya wasiwasi. Sahani ya Mlandege aliipeleka mwenyewe.

"Zimewakaa?" aliuliza fundi.

"Zimewakaa."

Mzee alikaa kimya. Mjukuu, aliyerudi asubuhi hiyo, alikuwa nyuma ya pazia.

"Huyu mtoto kaikuta gurudumu ya buluu juu ya cherehani," alisema hatimaye. "Ngapi?"

"Tatu."

Aliingiza mkono chini ya mkeka wa kiti, akatoa fedha, akazihesabu kwa kuzipapasa. Ulikuwa ujira wa kanzu tatu kamili. Katika hadithi, mama angezikataa. Lakini friza lilikuwa na mchele ndani, na mwezi wa Januari ulikuwa mlangoni pamoja na madaftari na sare. Alizipokea, akasema ahsante. Wala hakutaja alichokiona kwenye kona.

"Nitazifumua," alisema fundi. "Niletee."

"Zimeingia nta. Nikishazifua."

Hakuzipeleka. Pasaka ilipokuja watoto walizivaa vivyo hivyo, mchana kweupe, na wageni waliouliza waliambiwa ndiyo mitindo.

Umeme ulirudi mwezi wa Machi 2010. Mitaani watu walipiga kelele kama waliofunga goli, na pale Kikwajuni friza likaanza kunguruma na mchele wake ndani. Fundi alisikia kelele hizo akiwa kibarazani. Alifunga mlango, akaifunua cherehani ya mota, akawasha globu. Iliwaka vizuri. Akachukua sindano, akaisogeza chini ya mwanga, akaulamba uzi.

Baadaye akamwita mjukuu.