Kazi Huanza Akisharudi Nyumbani

Ndugu wanaotupigia simu kutoka Dar es Salaam huanza na swali lilelile: mna vitanda vingapi? Hatuna hata kimoja. Kituo chetu hapa Same, cha kusaidia wanaoacha pombe na dawa za kulevya, ni chumba cha kupanga, mabenchi tuliyoazima kanisani, kabati lenye kufuli na pikipiki moja. Wapo wanaokata simu hapohapo. Wanaoendelea kusikiliza huwa wameshampeleka mtu wao kwenye nyumba ya upataji nafuu, wamelipia miezi minne au sita, akarudi amenenepa na anacheka, na baada ya mwezi mmoja wakamwokota tena njiani huko milimani, Vudee au Chome. Hao hawahitaji kuelezwa sana. Wanajua kwamba kitanda kilifanya kazi yake, na kwamba huku nyumbani hakukuwa na mtu aliyejiandaa.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati milimani kabla ya kazi hii. Nitaanza na pombe, maana ndiyo inayotuletea watu wengi. Dengelua, pombe yetu ya miwa, ina heshima zake: ipo kwenye posa, ipo msibani, ipo wazee wakipatana mpaka wa shamba. Anayeipika mara nyingi ni mama anayetafuta sare na madaftari ya watoto. Gongo, pombe kali ya kienyeji, ni habari nyingine. Viroba, pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia, lakini mnywaji wa kila siku hakuacha kwa sababu ya tangazo. Alitafuta kilichobaki, na gongo ilikuwepo.

Jambo la kwanza tunalowaambia wanafamilia ni hili: msimfungie chumbani. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka mwili mzima, kutoka jasho, kuweweseka na kuona watu ambao hawapo. Huko juu watu husema ni majini au laana, na wakati wanatafuta wa kumwombea, mgonjwa anakata roho. Dawa zake si za ajabu: diazepamu, vitamini B1, maji ya kutosha na mhudumu wa kumwangalia usiku. (Muuguzi mwenzangu unayesoma hapa, B1 itangulie dripu ya glukosi.) Pikipiki yetu ipo hasa kwa ajili hiyo, kumwahi mtu kabla ukoo haujaamua kumkomesha wenyewe, ashushwe hospitali aanze kuacha akiwa anaangaliwa.

Mirungi ina ugumu wa aina yake. Nchini Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na serikali; kwetu ni dawa ya kulevya kwa sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilifyeka mashamba katika kata ya Tae, hapa wilayani Same. Siibishii sheria. Nasema tu tunayoyaona chumbani kwetu. Majani hayo hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi tangu yachumwe, ndiyo maana magari yanayoyabeba hukimbia usiku kama yanafukuzwa. Kijana anayetafuna hukesha, hali chakula, choo kinamfunga, na asubuhi anatafuta gongo ili apate usingizi. Akija kwetu atataja gongo peke yake. Mirungi hataitaja, kwa kuwa anaogopa tutapeleka jina lake mahali, na huenda shamba ni la baba yake. Kwa hiyo daftari letu linaandika jina la kwanza tu, na hatuulizi shamba ni la nani. Wapo viongozi waliotulaumu kwa hilo. Bado naona ni sahihi: tukianza kuuliza, chumba kitabaki na mabenchi.

Huwa tunaambiwa mirungi ibadilishwe kwa tangawizi, kama ya Mamba Myamba. Ni kweli tangawizi inalipa, ila hukaa ardhini miezi minane mpaka kumi, wakati mirungi huchumwa tena na tena. Katika miezi hiyo ya kusubiri ndipo mtu aliyeacha anaporudia. Basi kazi yetu nyingine, ambayo wafadhili hawaielewi haraka, ni kutafuta vibarua: kubeba tofali, kusafisha mifereji, kulinda duka. Hatutafuti utajiri, tunatafuta kitu cha kumwamsha saa kumi na mbili asubuhi.

Watumiaji wa heroini ni wachache kwetu, na karibu wote wametoka mijini. Ukoo humleta mtu wake mlimani ukiamini huku hakuna unga. Arosto, yaani maumivu ya kuacha, inamtesa, inafika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa wiki moja hivi inatulia, na familia inatangaza amepona. Hatari iko mbele. Mwili umeshasahau kiwango cha zamani. Siku atakaposhuka mjini akatumia kama alivyozoea, anaweza kufa papo hapo. Tiba ya methadone kwa watumiaji wa heroini ilianza Muhimbili Februari 2011 na sasa ipo mikoa mingine, ikiwemo Tanga na Arusha. Dawa hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mtu wa Vudee hawezi kupanda na kushuka kila siku kuifuata. Kwa hao ushauri wetu huwaudhi wazee: mwacheni akae mjini kwa ndugu, karibu na kliniki. Mlima si dawa.

Lakini huduma yetu kubwa kuliko zote ni kikao cha ukoo, nayo hugharimu chai na sukari. Tunakaa kabla mtu hajarudi kutoka nyumba ya upataji nafuu. Nani atashika fedha zake? Atalala kwa nani? Nani kati yetu humuuzia? Hapo ndipo kimya huingia. Katika kikao kimoja cha fundi uashi, shangazi yake, mpika dengelua, alisema, "Mwanangu, nikimnyima mimi, jirani atampa." Mzee mmoja akamjibu, "Basi na jirani aitwe." Jirani akaitwa. Hatukumwomba yeyote kati yao aache kupika, kwa sababu hatuna cha kuwalisha watoto wao. Tulichoomba ni kwamba huyu mmoja arudishwe mlangoni kwa upole, bila matusi. Mwenyekiti wa kitongoji akaongeza la kwake: siku ya msaragambo (kazi ya pamoja) wa kuzibua ndiva, bwawa la umwagiliaji, kuwe na togwa pembeni ya pombe, ili asiyekunywa asiondoke mapema kama mwizi. Hilo halimo katika mwongozo wowote niliowahi kusoma.

Dini husaidia na huficha. Suji, kwenye Wasabato wengi, pombe ni mwiko, na mnywaji wa huko hunywa kwa siri, anatufikia ini limeshaharibika. Kwingine hakuna aibu ya kunywa, ila ipo aibu ya kuacha, kwamba unajifanya bora kuliko baba zako. Wachungaji, mapadri na masheikh wanaotuelewa hutupa dakika chache baada ya ibada, na hizo zinatosha.

Mwezi wetu mgumu ni Desemba. Wapare wanarudi nyumbani, harusi zinafuatana, na kila mgeni ana chupa na neno lake: "Onja tu kaka, sikukuu." Wiki ya sikukuu tunakutana kila jioni, hata siku ya Krismasi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliopo mijini. Mkija Desemba, mleteeni soda ndugu yenu aliyeacha, na msimcheke akiishika. Na mkitaka kumchangia, msitume fedha kwenye simu yake. Fedha ikiingia peke yake saa mbili usiku, atakuwa na vita ya kupigana peke yake. Itumeni kwa dada yake au kwa yule aliyechaguliwa na kikao, mkieleza ni ya nauli ya kliniki, na kesho yake mpigeni simu mwenyewe mumuulize kama alikwenda.