Nyumba Bila Ardhi

Nilipoajiriwa ukarani katika bandari ya Kilindini, mwaka uliofuata ule mgomo mkuu wa Januari 1947, habari iliyozungumzwa zaidi na mahamali, hata kuliko mshahara wenyewe, ilikuwa ni mahali pa kulala. Maana mji wa Mombasa ulifurika watu, na chumba kimoja cha mtaa wa Majengo kililaza wanne au watano, kila mmoja akitoa fungu lake la kodi. Hapo ndipo nilipotia nia ya kununua nyumba ya kupangisha, kwani niliona kwa macho yangu kuwa chumba hakikai kitupu hata juma moja.

Yafaa nieleze kwamba kwetu nyumba na ardhi ni mali mbili mbalimbali. Mtu huweza kumiliki kuta, milango na paa, na uwanja ukawa wa mwingine, ambaye hulipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Sheria ya Kiislamu hulikubali jambo hilo, ilhali sheria ya Kiingereza hulihesabu jengo kuwa ni sehemu ya ardhi liliposimama. Desturi hii ndiyo iliyotuwezesha sisi wenye mishahara midogo kununua, na ndiyo iliyotufungia mlango wa benki, kwa kuwa benki hutaka rahani ya hati ya ardhi, nami sikuwa nayo.

Nyumba niliyoipata, ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, iliuzwa shilingi 3,000. Akiba yangu ilikuwa 1,100. Zamu yangu ya upatu ikanipa 400. Na mama, Mungu amrehemu, akauza bangili zake kwa 300. Zikapungua 1,200. Tajiri mmoja akanitaka tufanye bei ya khiyari: nimwuzie nyumba siku ile ile niinunuapo, kwa hizo 1,200, nipewe miaka miwili ya kuikomboa, na katika muda huo nimlipe kodi ya shilingi 25 kwa mwezi. Katika waraka riba haikutajwa; lakini nilipokaa na kalamu yangu nikaona kwamba kila mwaka ningetoa 300, yaani robo ya deni, na deni lenyewe lisipungue hata senti, na muda ukipita kabla sijakomboa, nyumba ya 3,000 imekwenda kwa 1,200. Naamini hata leo kuwa hiyo ilikuwa riba iliyovishwa kanzu, na mashamba na majumba mengi ya pwani yetu yamepotea kwa njia hiyo.

Nikamwendea mjomba. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kukukopesha sikukopeshi, mwanangu. Tushirikiane; tukipata tupate sote, tukikosa tukose sote." Akatoa zile 1,200, akawa na mafungu mawili kati ya matano, nami matatu, na chumba nilichokaa na mke wangu nikakilipia shilingi 15 kama mpangaji ye yote, ili mjomba asidhulumiwe. Kabla ya kukabidhi fedha alinishurutisha tufuatane na mwuzaji hadi kwa mwenye ardhi, jina langu litiwe daftarini mwake, kwa kuwa jirani yetu mmoja alinunua bila ya kufanya hivyo, na mwenye uwanja akakataa kumtambua.

Masika ya kwanza yalinifunza lililobaki. Makuti yalikuwa yamechakaa, mvua ikaingia vyumba vitatu, na kuezeka upya kukala shilingi 260, karibu kodi ya nyumba nzima ya miezi mitatu. Tangu hapo tukaweka kando shilingi 10 kila mwezi kwa ajili ya paa, kabla ya kugawana cho chote.

Mwaka 1957 mjomba, aliyekuwa amekwisha kuniuzia lile jingine, aliniuzia fungu lake la mwisho mbele ya mashahidi wawili, na mwaka huo huo nikaondoa makuti nikaezeka mabati. Kodi ya ardhi naendelea kuilipa, na stakabadhi zake zote, tangu ile ya mwezi wa kwanza, zimo sandukuni mwangu.