Somo Yake

Visiwani mtoto hulijua jina lake kwa sikio miaka kadhaa kabla hajalijua kwa jicho. Huadhiniwa siku anayozaliwa, hupewa jina, huchinjiwa akika siku ya saba mambo yakiwezekana, na tangu hapo haishi kuitwa: huitwa aje ale, huitwa kwa kubembelezwa, huitwa kwa ukali akisogea karibu na kisima. Jina kwake ni sauti inayotoka kwa watu wengine. Kisha siku moja, akiwa na miaka minne au mitano, huonyeshwa mistari michache juu ya karatasi akaambiwa: huyu ni wewe. Watu wazima hawaoni ajabu ya maneno hayo. Mtoto huiona. Hukaa akaikodolea macho ile mistari, haina pua wala miguu, haifanani naye kwa lolote, na bado kila anayeipitia hutamka jina lake.

Mtoto anayehusika hapa anaitwa Khadija, wa Kikwajuni, mjini Unguja. Jina la kwanza linatosha, kwani wenye jina hilo wamejaa kila mtaa wa mwambao. Amepewa jina la bibi yake mzaa baba, naye bibi yu hai na wanaishi nyumba moja. Kwa hiyo bibi hamwiti mjukuu, humwita somo. Msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa neno hilo, ila huenda hajapata kusimama akalitazama: somo ni mtu unayechangia naye jina, na somo ni kile afundishacho mwalimu. Katika nyumba hii maana zote mbili zimepata kazi.

Skuli ya maandalizi anayokwenda Khadija hufundisha jina kwa njia inayojulikana kote. Mwalimu huliandika kwa vidoto katika daftari, mtoto hupitisha penseli juu ya vidoto, mstari baada ya mstari, mpaka mkono uzoee njia. Baadaye vidoto huondolewa, na hapo ndipo mkono hupotea. K, iliyokuwa rahisi ilipokuwa na vidoto, iligeuka ikatazama ukutani, miguu kushoto na mgongo kulia. J ikapoteza nukta yake. Na a ya mwisho, kwa kukosa nafasi, ikapakatwa juu ya wenzake kama mtoto ndani ya daladala iliyojaa.

Mama yake alipoiona K ile alishtuka, akadhani binti ana kasoro ya macho. Hana. Watoto wengi wa umri huo hugeuza herufi, watumiao mkono wa kulia na watumiao wa kushoto, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyozoea kuandika. Wala hawagezi bila sababu. Wanafuata walichojifunza tangu kutambaa. Kikombe kilichoelekeza mkono wake kulia ni kikombe, na kikielekeza kushoto ni kikombe kilekile. Kiatu ni kiatu hata kikianguka kifudifudi. Herufi ndiyo kitu cha kwanza anachokutana nacho mtoto kinachopoteza jina lake kwa kugeuzwa tu: b ikigeuzwa ni d, na hapana wa kumweleza kwa nini.

Kwa Khadija palikuwa na sababu ya pili. Asubuhi mistari ya daftari lake huanzia kushoto. Alasiri, akiwa amejitanda ushungi na juzuu imekumbatiwa kifuani, huenda chuoni, na huko kila kitu huanzia upande wa pili: jalada, mstari, neno, herufi. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba hayo mawili yanapingana, naye hakuona kuwa yanapingana. Siku K ilipogeuka, huenda ilikuwa inaelekea chuoni tu.

Chuoni maalim hufundisha kusoma zaidi kuliko kuandika, na jina la Khadija halikuwa katika somo la siku. Aliyemwandikia ni bibi. Alichana kipande cha boksi, akatwaa penseli ya mtoto, akaandika polepole kutoka kulia: khe, dali, kisha penseli ikainuka, ye, jimu, te ya mviringo. Herufi tano mahali pa saba. Dali haimpi mkono anayeifuata, hivyo jina hukatika vipande viwili, na mtoto alitaka kujua kama lilivunjika. Bibi alimfundisha kuandika mwili wa neno lote kwanza, ndipo arudi kutia nukta, kama fundi anayeshona gauni zima kabla ya vifungo. Nukta ni sita, na ndizo zenye kuhukumu. Khe ikikosa nukta yake ya juu ni he. Jimu ikikosa ya chini ni he hiyohiyo. Mara ya kwanza Khadija alizitia nne, mara ya pili nane, kwa kuwa zilimpendeza.

“Mbona haina K?” aliuliza.

“Ina khe, somo. Ni hiyohiyo, ila hii haihitaji msaidizi.”

Naam. K na h hulazimika kushikana mikono ili kutoa sauti ambayo khe huitoa peke yake kooni.

Lakini K ilikwisha kuwa mali ya mtoto. Aliikuta katika jina la mtaa wake, kubwa mwanzoni na ndogo baada yake, akauliza nani ameweka herufi yake pale. Jina hili huandikwa Khadija, Hadija na hata Kadija, pengine ndani ya ukoo mmoja, na cheti cha kuzaliwa na orodha ya darasa si lazima vikubaliane. Basi alipokuta jina lake darasani limeanza na H, alikataa kuitika. Alipoombwa aandike jina la bibi, aliandika Khadija kwa herufi zilizokuwa mara mbili ya zake, zikajaza ukurasa. Alipoambiwa kwamba hilo ni jina moja tu na lake, alijibu kuwa bibi ni mkubwa. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, katika kitabu chao cha mwaka 1979 juu ya watoto wa Argentina, waliwakuta wadogo wenye fikira kama hiyo: kitu kikubwa kiandikwe kwa neno refu, na kidogo kwa neno fupi. Kabla hajajua kwamba herufi hufuata sauti, mtoto hudhani zinamfuata mwenyewe mwenye jina. Si fikira ya kuchekwa. Wapo watu wazima wanaoandika majina ya wakubwa wao kwa imani hiyohiyo.

Hapa inafaa kukumbusha jambo ambalo wapenzi wa ushairi wanalijua, ila madarasani halisemwi kwa sauti. Khe ya bibi si ngeni katika Kiswahili. Barua kongwe za Kiswahili zinazojulikana, zilizotoka Kilwa mwaka 1711 na kuhifadhiwa katika nyaraka za Goa, ziko katika hati ya Kiarabu. Utenzi wa Tambuka, wenye tarehe ya 1728, ni hivyohivyo. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alianza kwa kumwita akae karibu naye na wino na karatasi. Binti hakuitwa kuandika herufi za Kilatini. Kanga nazo, ambazo maandishi yake huitwa jina, ziliwahi kubeba hati hiyo. Kisha mambo yakageuka. Kitabu cha Edward Steere cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ikasanifu tahajia ya Kilatini.

Uamuzi huo ulikuwa na hoja zake, wala si haki kuzificha. Hati ya Kiarabu, kama walivyoiandika wengi, haikutenga e na i, wala o na u. P na b aghalabu zilivaa nguo moja. Mara nyingi msomaji alipaswa kulijua neno ndipo aweze kulisoma. Kwa mtoto wa miaka mitano a, e, i, o, u ni neema. (Na hata neno irabu, analolisikia Khadija skuli, ni la Kiarabu na lilitangulia kukaa chuoni.) Ila kuchagua hati nyepesi ni jambo moja. Kuwahesabu waliokuwa na hati yao kuwa ni watu wasiojua kuandika ni jambo jingine, na hilo halikuamuliwa na kamati yoyote. Lilitokea tu, ofisi baada ya ofisi, mpaka likazoeleka.

Bibi Khadija alizaliwa shamba, kabla ya Vita Vikuu vya Pili kumalizika. Skuli ya serikali haikumfikia; chuo kilimfikia. Hata huko alifundishwa kusoma tu. Wapo wazee wa mwambao walioona kuwa msichana akijua kuandika ataandika barua za mapenzi, hivyo kalamu ikabaki upande wa wavulana. Yeye aliipata kwa kaka yake, jioni, kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu ya uani, na kilichoandikwa kilifutwa kwa maji kabla baba hajarudi kutoka msikitini. Neno la kwanza lilikuwa jina lake mwenyewe. Baadaye aliandika barua kwa miaka mingi kwa dada yake aliyeolewa Mombasa: bei ya karafuu, nani kazaa, nani kafa, nani anadaiwa. Za kujibiwa zingalipo ndani ya mkoba wa ukindu, Kiswahili kitupu katika herufi za Kiarabu, na hakuna mjukuu awezaye kuzisoma. Wanaosoma Kurani kwa ufasaha hukwama mstari wa pili, kwa kuwa dada hakutia irabu. Alikuwa anamwandikia mtu aliyemjua, hakuona haja.

Ndipo ikaja siku ya ofisi. Palikuwa na fomu ya kutia saini, jambo dogo la malipo, na Khadija mdogo alifuatana na bibi kwa kuwa skuli zilikuwa zimefungwa. Karani alimtazama bibi, mtandio wake na miwani yake iliyofungwa uzi, akamsogezea pedi ya wino kabla hajamwuliza lolote.

“Dole gumba hapa, bibi.”

Alisema kwa heshima. Hapakuwa na ubaya katika sauti yake. Bibi alitia dole, akapewa kipande cha karatasi apangusie, wakatoka.

Mtoto aliyeshinda wiki tatu akipigania K yake hakuweza kunyamaza. “Bibi, mbona hukuandika jina?”

“Watu walikuwa wengi.”

“Lakini wewe unajua kuandika.”

“Najua, somo.”

“Sasa?”

Bibi alikwenda hatua kadhaa. “Wao hawalisomi,” alisema.

Yaelekea sana karani yule alipita chuoni utotoni mwake, kama wengi wa Unguja, na herufi tano za jina la mke wa kwanza wa Mtume zisingemshinda. Wala saini haihitaji kusomeka. Saini za wakubwa wengi ni uzi uliotatana, na hakuna anayewasogezea pedi. Kilichokosekana pale ni mazoea ya kutarajia kwamba bibi wa umri ule atakuwa na kitu cha kuandika. Na bibi naye alikwisha kuyazoea mazoea hayo. Alikuwa ametia dole katika karatasi za kura, za kliniki, za mirathi ya mumewe. Kila mara ilikuwa wepesi kutia dole kuliko kueleza. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka sitini bila kugombana na yeyote, na jina aliloliiba kwa mkaa akiwa msichana likabaki la barua za dada tu, na dada alipokufa likakosa pa kwenda.

Usiku ule rangi ya wino ilikuwa bado iko kidoleni. Sabuni ilikuwa imeipunguza, haikuitoa. Khadija alilileta daftari mkekani. Katika mstari mtupu aliandika jina lake kuanzia kushoto, ulimi nje, K ikitazama inakopaswa, a ya mwisho ikiwa chini pamoja na wenzake. Akampa bibi penseli akamwonyesha mwisho wa mstari uleule, kulia. “Na wewe.” Bibi aliandika kuja kushoto, mwili kwanza, kisha nukta sita. Majina mawili yakabaki yametazamana, nafasi ya vidole viwili katikati, mtoto aliipima.

Halafu akadai wabadilishane pande. Yeye akaandika khe, dali, akainua penseli, akaendelea. Nukta zilitoka saba, moja haikuwa na mwenyewe. Ikawa zamu ya bibi. Alivuta miwani, akaliweka daftari sawa juu ya goti, akaanzia kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu. Alichora mgongo wa herufi, akasita, akatia miguu. K ikatazama ukutani.

“Imegeuka, somo,” alisema mtoto, akainuka kutafuta raba.