Nilimsifu kwa Kunyamaza

Mtoto wetu wa nne alizaliwa Novemba 2024 akiwa ameshafariki. Mimba ilikuwa imetimiza miezi yake, na kliniki ya mwisho mapigo ya moyo yalisikika. Tulimzika kesho yake pembeni ya shamba, watu wachache, sala fupi. Kwa mtoto wa namna hiyo hapa kwetu Dongobesh watu hawalali msibani. Wanakuja asubuhi, wanakupa mkono, wanasema Mungu atawapa mwingine, na jioni kila mtu yuko kwake anaingiza ng'ombe zizini.

Nina duka la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za wadudu na za magugu. Mvua za kwanza zikigusa ardhi, ndipo fedha ya mwaka inapoingia, na ukifunga siku chache mteja wako amezoea kwa jirani. Sisemi hivi nijitetee. Nasema kwa sababu wiki ya tatu nilimwambia mke wangu kwamba shamba halisubiri mtu, naye akachukua jembe akaenda. Hospitalini walikuwa wamemwambia apumzike. Nami nilikuwepo wakisema.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshatenda mengine. Nguo za mtoto nilizikusanya usiku wa mazishi, nikazipeleka kwa binamu yangu wa Maretadu aliyekuwa mjamzito. Niliwaita watoto wetu watatu nikawaonya wasimtaje mdogo wao mbele ya mama. Majirani nao niliwaambia. Mgeni akija nilimpokea nje, nikamnong'oneza, akaingia ndani akaongea habari za mvua na bei ya vitunguu swaumu. Nilijiona mume anayejali kweli kweli. Katika yote hayo hakuna hata moja nililomwuliza mwenyewe.

Lililo baya zaidi nilimfanyia dada yake. Shemeji yangu anaishi Katesh, chini ya Mlima Hanang. Mtu wa huko hahitaji kuelezwa msiba ni nini: alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakapita juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 80. Yeye alisalimika, jirani zake hawakusalimika wote. Alinipigia simu mwanzoni mwa Desemba, mwaka mmoja tangu siku ile, akaniambia, "Shemeji, huku tulikaa na wafiwa, wakasema wakalia, wakarudia yale yale siku nzima nasi tukasikiliza. Niruhusu nije nikae na mdogo wangu hata wiki mbili." Nikamjibu kwa upole, kwa maana mimi huwa mpole hata ninapokosea: "Shemeji, mwenzio ameshaanza kusahau. Ukija utamkumbusha."

Kusahau! Huyo niliyesema ameanza kusahau alikuwa macho saa nane za usiku, kila usiku, ameketi jikoni bila taa. Nilijua. Nilikuwa nikigeuka upande wa pili.

Mchana hakuna aliyeweza kuona kasoro. Ugali ulikuwa mezani, sare za watoto zimefuliwa, palizi imekwenda vizuri kuliko mwaka uliotangulia. Aliongea kidogo, na sisi Wairaqw mtu wa maneno machache hatumwiti mgonjwa, tunamwita mtu mzima. Nililoweza kuliona, kama ningetaka, ni habari ya maji. Tuna bomba la kijiji hatua chache kutoka nyumbani. Mke wangu aliacha kuchota pale. Alianza kushuka na ndoo mpaka korongoni, mwendo mrefu, na kurudi ni kupanda. Nikadhani foleni ya bombani imemchosha. Hata nilimtania kwamba amepata miguu ya kijana.

Aliyenifumbua macho ni bibi yangu, aama kama tunavyosema kwa Kiiraqw, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini ambaye macho yake yenyewe hayaoni vizuri. Siku moja nilipompelekea sukari akaniuliza, "Mke wako anapita wapi siku hizi? Zamani alipita hapa mbele akanisalimia. Sasa nasikia nyayo nyuma ya zizi." Nikamwambia kazi ni nyingi. Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, huyo yuko metimani."

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya msomaji asiye wa kwetu. Metimani ni ule utengo wa zamani wa Wairaqw. Mauti yakiingia katika nyumba kwa njia fulani, na hasa mama akifiwa na mtoto aliyekuwa bado ananyonya, nyumba ile ilihesabiwa kuwa na unajisi. Wenye nyumba hawakwenda kwenye mikusanyiko, hawakunywa pombe na wenzao, walichota maji mahali pao na kupita njia zao, wasimwambukize mtu. Msichana aliyebeba mimba kabla ya kuolewa alikumbwa na utengo huo pia, na kwake ulikuwa mkali kupita kiasi. Dini na maisha ya kisasa viliuondoa, na mimi ni mmoja wa wanaoshukuru. Watu waliteseka. Sitaki mtu asome hapa akadhani natamani turudi huko.

Nilimjibu bibi kwa lugha hiyo hiyo ya kushukuru. Nikasema hayo tuliyaacha zamani, sisi ni Wakristo. Akanijibu, "Mliyaacha ninyi. Yeye amejifunga mwenyewe. Na ya kwetu ilikuwa na siku ya kutoka, watu wote wakajua kwamba leo ametoka, wakampokea. Ya kwake nani atamtoa?"

Nilirudi nyumbani na hasira, namkasirikia mwanamke mzee anayesema kweli. Lakini jioni ile nilimwuliza mke wangu kwa nini hachoti bombani. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akataja wanawake wawili. Walikuwa naye kliniki moja, mimba zao zikikaribiana na ya kwake. Sasa kila asubuhi wako bombani na watoto mgongoni. Mmoja wao, akimwona, hufunika mtoto kwa khanga. Labda ni kwa huruma, labda anaogopa kijicho. "Sijui ni ipi kati ya hizo," akasema, "lakini siwezi kuona khanga ile ikimfunika mtoto tena."

Nilimpigia shemeji usiku huo huo. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alipanda basi, akapandisha kwa barabara ile ya Dareda hadi kwetu, na usiku wa pili nilisikia kutoka chumbani sauti ya mke wangu jikoni, anaongea mfululizo kama ambavyo sikuwahi kumsikia tangu tuoane. Asubuhi shemeji akaniambia maneno machache tu: "Tunampeleka Haydom. Leo."

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianzishwa mwaka 1955, na watu wa upande huu tumezoea kuitaja kwa mambo ya mifupa, uzazi na upasuaji. Kwamba ina huduma ya afya ya akili nilikuwa najua kwa namna ya mtu anayejua jambo la watu wengine. Mimi niliketi benchi la nje. Ndani, kama alivyonieleza baadaye, aliulizwa maswali kuhusu wiki mbili zilizopita: kama bado anafurahia alivyokuwa akivifurahia, usingizi ukoje, chakula kinapita, anajiona hana thamani, anaweza kutuliza akili kwenye jambo moja. Swali la tisa lilihusu kufa. Alijibu kwamba asubuhi nyingi alisikitika kuona ameamka.

Niliitwa ndani. Nilitegemea kuelezwa kuhusu vidonge. Muuguzi akaniuliza kazi yangu, nikamwambia, akaniuliza dawa za dukani zinalala wapi.

Zilikuwa zinalala nyumbani. Duka ni dogo, kwa hiyo akiba niliipanga katika chumba cha nyuma, mlango wa mbao usio na kufuli, hatua tatu kutoka jiko lile ambamo mke wangu alikuwa akiketi gizani. Nilikuwa nimewahi kuhudhuria mafunzo ya wauza pembejeo, nikajifunza kutenga dawa na chakula, kuvaa glavu, kusoma rangi za lebo. Niliweza kumweleza mkulima yeyote kwa nini asiweke kopo karibu na mtoto. Muuguzi hakunikaripia. Alisema tu kwamba saa ya mtu kuzidiwa na mawazo huwa inapita, na kazi ya waliomzunguka ni kuhakikisha saa hiyo haimkuti karibu na sumu. Baadaye nilisoma kwamba Sri Lanka, ambako dawa za kilimo zilikuwa zikiua watu wengi kwa njia hiyo, ilipiga marufuku zile kali zaidi kuanzia miaka ya themanini na tisini, na vifo vya kujiua vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo siyo kweli, kama tunavyosema vijiweni, kwamba aliyekusudia hazuiliki. Dawa zile nilizihamisha siku tuliyorudi, na sasa akiba iko nyuma ya kufuli mbali na nyumba yangu.

Kuna jambo jingine lililonifunga mdomo njiani tukirudi, na naliandika japo ni la aibu. Nilikuwa na hofu ya sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mke wangu hakujaribu lolote, alisema tu alichokuwa akikiwaza, lakini mimi katika ujinga wangu nilitaka kumwonya asirudie kusema, watu wasije wakasikia. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinapingana na katiba. Sina ujuzi wa sheria. Najua tu kwamba mtu akidhani maumivu yake ni kosa atayaficha, na mume kama mimi atamsaidia kuyaficha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa hilo. Wapo katika foleni ya bomba letu, bila shaka, na wengine wana watoto wazima mgongoni. Vidonge havikufanya kazi siku ya kwanza wala ya tano. Ilipita wiki kadhaa ndipo usingizi ukarudi. Alipoanza kucheka nilimshauri aviache. Shemeji alinikata kauli kwenye simu: waliagiza aendelee miezi mingi baada ya nafuu, kwa hiyo ataendelea.

Ninamfikiria sana shemeji huyo. Nchini Pakistan, mtafiti Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida wasio madaktari, kutembelea kina mama wenye sonona majumbani na kuongea nao kwa utaratibu maalumu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008: waliobaki na sonona walikuwa karibu nusu ya wale ambao hawakupata mazungumzo hayo. Wao walipewa mafunzo. Shemeji yangu hakupewa, lakini alitaka kuja na masikio yake, nami nilimzuia kwa simu ya dakika mbili. Wiki zile alizokaa Katesh akisubiri nibadili mawazo, siwezi kumrudishia mtu yeyote.

Mtoto tumempa jina. Hatulitaji nje ya nyumba, ila ndani watoto wanalitumia bila woga, na aliye mdogo kati ya hao watatu huuliza maswali magumu wakati wa kumenya vitunguu. Bombani mke wangu amerudi, siyo siku zote. Kati yangu na yeye mambo hayajanyooka kabisa. Ananiambia anachohisi, kisha ananitazama kuona kama nitakimbilia kushauri. Mara nyingi nakimbilia.

Alisoma nilichoandika mpaka hapo. Alirudisha karatasi akauliza, "Baba, na ile ya kanisani?" Nilikuwa nimeiruka, na alijua nimeiruka kwa makusudi.

Jumapili ya kwanza ya Januari, wiki chache kabla ya Haydom, nilisimama mbele ya usharika nikiwa mzee wa kanisa na kutoa ushuhuda. Nilisema Bwana ametupitisha. Nilisema mke wangu ni mfano kwa wanawake wote, kwamba tangu msiba hakuna aliyeona chozi lake, kwamba yuko shambani kila siku. Walipiga makofi. Wanawake wawili wa bombani walikuwepo. Tulipofika nyumbani niliulizia chakula.

Sasa anataka niseme haya mahali pale pale niliposema yale. Zamu yangu ya matangazo ni Jumapili ijayo. Sijamjibu bado.